Nyumba Yenye Lifti

Aune Heikura alipiga magoti kwenye sakafu ya nyumba isiyokuwa yake, akanyoosha utepe wa kupimia kutoka dirishani hadi ukutani. Mita mbili na nusu. Alipima tena, kana kwamba ukuta ungemwonea huruma na kusogea.

"Kitanda cha mumeo kitaenea bila shida," alisema mwenye nyumba, mama mmoja aliyeshika funguo nyingi.

"Sipimi kitanda cha kulala," Aune alisema. "Napima kitanda cha mfumi."

Mtambo wake huo wa kufumia ulikuwa wa mbao za msonobari, mpana kama mlango wa zizi. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akifuma mazulia juu yake. Mashati yaliyochakaa, mashuka, magauni ya marehemu, vyote alivichana vipande vyembamba na kuvipitisha kati ya nyuzi za mtande mpaka vikawa zulia la mistari. Watu wa mji wao wa Kotka walimletea matambara yao kwa mifuko. Fedha haikuwa nyingi, lakini ilikuwa yake.

Hapa mtambo haukuenea. Ila hapa palikuwa na lifti.

Kule walikoishi, ghorofa ya nne, palikuwa na ngazi tu. Mumewe Taisto, aliyeendesha kreni bandarini mpaka akastaafu, alipatwa na kiharusi mwezi wa Septemba. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimpandisha nyumbani kwa kiti, na tangu siku hiyo hakuwa ameshuka. Sasa ilikuwa Machi.

Kutoka hapo Aune alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya posho ya makazi. Mhudumu wa dirishani, mwanamke wa makamo aliyeitwa Outi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kodi ikipanda, posho nayo si inapanda?" Aune aliuliza.

"Inapanda, lakini ina kikomo, Bibi Heikura. Sasa mnalipa euro mia tano na sitini. Sisi tunahesabu mpaka mia sita na kumi. Hiyo nyumba mpya ni mia sita na tisini. Themanini za juu hatuzihesabu kabisa, ni zenu." Outi aliandika kwenye karatasi na kuigeuza ili Aune aone. "Kodi itapanda mia moja na thelathini. Posho itapanda kama arobaini. Tisini zitabaki kwenu, kila mwezi."

Aune aliitazama karatasi. Tisini ndizo alizopata kwa mazulia, tena mwezi ukiwa mzuri.

"Na ngazi je? Mnaandika wapi kwamba mtu hawezi ngazi?"

Outi aliipitia fomu kwenye skrini mpaka mwisho. "Fomu hii haina mahali pa ngazi," alisema taratibu. Kisha akainama karibu na kioo. "Mkihama, leta mkataba siku ileile, usingoje mwezi uishe. Na cheti cha daktari ulete pia. Siahidi kitu. Lakini lete."

Taisto alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alimsikiliza mkewe, kisha akayatafuta maneno, moja baada ya jingine.

"Nyumba ndogo. Kodi kubwa. Ujinga huo, mama."

"Ni ujinga wenye lifti."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Na mtambo?"

"Nitauuza."

"Hapana." Neno hilo lilitoka wazi kuliko yote aliyosema tangu Septemba. "Mimi nimezoea juu. Miaka thelathini nilikaa juu."

"Jioni ulikuwa unashuka, Taisto."

Taisto aligeukia dirisha, na Aune akaona mkono wake mzima ukiupapasa ule uliokufa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Asubuhi yake Aune alibandika tangazo la kuuza mtambo chini mlangoni. Kabla ya saa sita Raili, mjane aliyekaa chini kabisa, alikuwa amepanda ngazi zote na unene wake, anahema, tangazo mkononi.

"Nani kakutukana mpaka uuze mtambo?"

Aune alimweleza yote, huku akimmiminia kahawa.

"Chumba changu cha nyuma kina nini?" Raili alisema. "Mitungi ya jamu na baiskeli ya marehemu. Ulete huko."

"Sina cha kukulipa."

"Nani kakuomba? Nifumie zulia moja. Suruali za mume wangu zimejaa kabati, kuzivaa siwezi na kuzitupa siwezi. Zichane hizo."

Taisto aliinua kidole. "Na gazeti tuache kulilipia," alisema. "Raili atatupatia lake la jana. Habari za jana hazijaua mtu."

Walihama mwishoni mwa Aprili, na mkataba ukafika kwa Outi siku ileile, pamoja na cheti. Posho ilipanda arobaini na mbili, basi. Mtambo uliteremshwa kipande kipande, kila ubao ukiwa na namba ya chaki, na asubuhi tatu kwa wiki Aune alivuka mitaa miwili kwenda kufuma kwa Raili.

Siku moja ya Mei, suruali ya bluu ya marehemu ilikuwa imeshafika nusu ya zulia, Raili alipomwita kutoka jikoni kwa sauti ya chini.

"Aune. Njoo dirishani."

Taisto alikuwa langoni, ameshika kwa mkono mzima kigari cha magurudumu anachosukuma akitembea, koti limekosewa vifungo. Hakuna aliyekuwa naye. Alikuwa ameshuka kwa lifti na kuivuka mitaa yote miwili.

Aune alikwishavaa kiatu kimoja. Alimwona mumewe akigeuza kigari, akikaa kwenye kiti cha kigari hicho kupumzika, na kuinua uso juani.

"Humfuati?" Raili aliuliza.

Aune alikivua kile kiatu. "Mwache," alisema. "Anakuja."

Uani kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu ili watu wasiteleze zilikuwa bado hazijafagiliwa. Zilisikika zikisagika chini ya magurudumu, hatua moja, kimya, kisha hatua nyingine.