Kumbatio la Kituo cha Kwanza

Mpira wa besiboli nilioupiga ulikuwa umeshavuka ukuta na kutua kwenye miwa nilipomwona Cirilo akinijia, mikono ameifungua. Badala ya kukimbia mbele kwenda kituo cha pili kama mtu mwenye akili zake, alikuwa anarudi nyuma kunipokea.

"Umeivunja rekodi, kaka! Umeivunja!"

Akaninyanyua, mimi mzima na goti langu bovu, akanizungusha na kunibwaga chini. Watu wa kiwandani walikuwa wanagonga masufuria. Nikaendelea na mbio, nalia huku nacheka, na nilipokaribia kituo cha pili nikamwona refa amenyanyua ngumi. Nilidhani naye anasherehekea.

"Umempita mwenzako, Fermín," akasema. "Umetoka. Pigo halihesabiwi."

Looh! Hiyo sheria kila mtoto wa kwetu anaijua kabla hajapata viatu: mchezaji aliyekutangulia vituoni hapitwi. Cirilo alikuwa ametangulia kituo cha kwanza. Alivyonizungusha, alinishusha mbele yake, nami nikatimka.

Rekodi ya mapigo ya kuvuka ukuta katika timu ya kiwanda chetu cha sukari ilikuwa ya marehemu Aurelio Mañón, na jina lake liliandikwa kwa rangi uwanjani tangu hatujazaliwa. Msimu ule mimi na Cirilo tuliifukuzia bega kwa bega. Siku ya mwisho ilitukuta sote wawili tumeifikia, bado pigo moja tu kuivuka. Cirilo alikuwa kijana, misimu ilikuwa mbele yake. Mimi daktari alishaniambia goti limekwisha, nikae nyumbani. Nililitaka jina langu pale uwanjani kwa roho yangu yote, na sioni haya kusema.

Kwenye benchi Cirilo alijifunika taulo kichwani. Hakuna aliyemtania, na sisi kwa kutaniana hatujambo.

"Miaka yote hii unacheza, leo ndiyo unarudi nyuma?" nikamwuliza.

"Furaha ilinizidi, kaka."

Zamu yake ilipofika tena, tulikuwa tunaongoza kwa mbali. Nikamvua lile taulo, nikampa gongo la kupigia. "Nenda kapige. Ukirudi mikono mitupu, gongo hilo nakuchapa nalo."

Akapiga. Mama yangu, alipiga! Mpira ulipotelea juu ya miwa, uwanja mzima ukaruka. Akapita kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mimi nilishafika karibu na kituo cha nyumbani, kile cha mwisho ambacho usipokikanyaga pigo halihesabiwi, tayari kumbeba. Ilibaki hatua tu akanyage, akakata kona, akapita pembeni.

Nilicheka. Nilidhani kiwewe.

"We Cirilo! Hujakanyaga! Rudi ukanyage!"

Akanitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa amekipita makusudi.

"Usiniletee wazimu! Rudi, bado hujachelewa!"

"Nimechoka, kaka," akasema, akaenda kukaa benchi.

Mdakaji wa wapinzani, anayekaa nyuma ya kituo hicho, alimwangalia kocha wake, kocha akaitikia kwa kichwa, shingo upande. Akapewa mpira mwingine, akakanyaga kituo alichokiacha Cirilo, ndiyo kudai kwamba ametoka. Ngumi ya refa ikapanda polepole. Masufuria yalinyamaza yote.

Nilikaa kando yake. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumbusu, sikujua lipi lianze.

"Nani amekuomba?" nikamwambia. "Mpumbavu mkubwa wewe, nani amekuomba?"

Alikuwa anafungua kamba za viatu, hana haraka.

"Shemeji yako Altagracia amepika supu ya sancocho," akasema. "Njoo na watoto."

Tulikwenda, tukala, tukacheka na wake zetu mambo mengine kabisa. Cirilo alicheza misimu mingi baada ya hapo, na mabega yake yalizidi kutanuka. Rekodi ile hakuifikia tena.