Moto wa Safu ya Tatu

Mwaka 1954 bei ya umeme wa kampi ya wafanyakazi ilishushwa kwa mara ya pili, na matumizi hayakupanda. Anaclet, karani aliyesoma mita za nyumba thelathini na mbili za safu ya tatu, aliandika tarakimu za Juni mara mbili kwa sababu hakuziamini. Kupika kwa umeme sasa kulikuwa nusu ya gharama ya makala, yale makaa ya miti. Kila nyumba ilikuwa imepewa jiko la umeme bure. Majiko hayo yalikaa juu ya makabati, yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na wanawake waliendelea kupika nje kwa mbabula, yale majiko ya bati yaliyotobolewa matundu.

Aliwauliza. Wote waliisifu bei.

"Beyi iko muzuri sana, Karani," alisema Chileshe, jirani yake wa ukuta mmoja, huku akipepea makala. "Muzungu wako aipunguze tena kidogo, tutamupenda zaidi."

"Na utapika na kuran?" aliuliza Anaclet, kwa jina waliloupa umeme.

"Tutaona."

Anaclet hakucheka. Mkewe Albertine aliugua mapafu. Daktari alikuwa amemweleza wazi kwamba moshi ungemmaliza. Na injinia wa umeme, Mbelgiji mtulivu aliyependa hesabu, alikuwa ameamua: bila sababu nzuri ya kuendelea, Jumatatu majiko yote yangekusanywa na kupelekwa kampi ya Kipushi. Alitaka ripoti asubuhi hiyo.

Lakini hata Albertine alipika nje.

"Bote banapika inje, Baba Clément," alimjibu mumewe. "Niko mukubwa kupita bote?"

Alhamisi Anaclet alisisitiza. Apike ndani, mlango ufungwe, moshi wa majirani usiingie. Albertine alikubali.

Anaclet aliporudi kutoka ofisini saa kumi na moja na nusu, alikuta wanawake kama ishirini wameketi chini uani kwake, miguu wameinyoosha, wanalia. Jina walilolililia lilikuwa lake. Albertine alikuwa katikati yao, analia kwa sauti kuwashinda wote, mwiko wa kusongea bukari ungali mkononi. Alikuwa amesikia kilio, akatoka kuuliza nani amefariki, akaambiwa ni mume wake, akaamini. Watu ishirini hawawezi kukosea pamoja.

Chileshe ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga yowe, kisha akakasirika.

"Eko muzima! Bantu, eko muzima! Na sisi tunaharibu machozi!"

"Nani aliwaambia nimekufa?"

"Mbabula yenu njo ilisema! Saa kumi na moja ilipita, hakuna moto, mulango wa kufunga. Tuseme nini? Muko mu arusi?"

Mume wa Chileshe, Mukuka, alimzunguka Anaclet polepole, akimkagua. "Karani, nilikuwa nimesha kuwaza nani atabeba kabati yako."

Kwao, penye msiba moto huzimwa. Anaclet alijua hivyo tangu utotoni, upande wa kaskazini, lakini hakuwahi kudhani kwamba desturi hiyo ilisomwa kila jioni, nyumba kwa nyumba, kama yeye alivyosoma mita.

Wanawake walipotawanyika, Mama Nkandu wa nyumba ya kwanza, mjane wa fundi wa reli, alibaki.

"Karani, saa kumi na moja kila siku uko wapi?"

"Ofisini, Mama."

"Kesho kuya mapema. Simama kwa mulango yangu, na saa yako."

Ijumaa Anaclet alisimama hapo. Ilikuwa baridi ya Juni. Mbabula ya Mama Nkandu ilikuwa na moto tangu asubuhi. Saa kumi na moja kamili alichota makaa mekundu, akampa mwanamke wa kwanza. Makala ya huyo yaliposhika, baada ya dakika nne, kila mmoja wao wawili aliwashia mwingine. Moja ilikuwa imekuwa mbili. Mbili zikawa nne. Nne zikawa nane. Kila kipande cha moto kilikwenda na jina na swali: mtoto amelala? homa imeshuka? Nane zikawa kumi na sita. Hakuna kiberiti kilichowashwa. Hakuna aliyetoa amri. Saa kumi na moja na dakika ishirini, mbabula thelathini na mbili ziliwaka kwa mstari hadi mwisho wa safu, na kila nyumba ilijua kwamba nyingine zote zi hai.

Anaclet aliitazama saa, kisha akausahau mkono ulioivaa. Mara moja maishani alikuwa amepelekwa kuona mitambo ya bwawa la umeme, akavua kofia bila kujua. Sasa aliivua tena. Miaka miwili alikuwa amepima safu hii, na hiki ndicho hakukipima.

"Mama," alisema mwishowe, "bibi yangu Albertine atakufa na huu moshi. Daktari alisema."

Mama Nkandu aligeuka kwa ghafla. "Na juu ya nini haukusema? Ulituletea beyi, beyi, beyi. Ugonjwa wa Albertine haukutuletea hata siku moja."

Anaclet aliutazama mlango wa nyumba yake. Mama Nkandu akaendelea:

"Apokee moto, awashie benzake, aache mbabula mbele ya mulango na makala kidogo. Tutauona. Kiisha apike ndani na ile kitu yako. Nitasema na bamama."

Jumatatu ripoti yake ilikuwa ukurasa mmoja. Hakuomba bei nyingine. Aliomba majiko yaachwe miezi miwili, akaeleza moto unavyopokezanwa, na akaandika safu ya namba: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Injinia alizifuata kwa kalamu, akauliza dakika, akarudia hesabu.

"Hadi Agosti," alisema.

Jioni hiyo Albertine alipokea makaa, akawawashia wanaofuata, akaiweka mbabula kizingitini. Kisha akaingia ndani, mlango ukiwa wazi, akakiondoa kitambaa juu ya jiko la umeme. Maji yalikuwa yameanza kuchemka Chileshe alipomfuata, sufuria kiunoni.

"Songea kidogo," alisema. "Nione inapika namna gani."