Mwaloni wa Bibi Märta

Baroni Torkel Granskiöld alikuwa mtu wa raha zake. Ana cheo kwenye baraza la jeshi la majini pale Karlskrona, bandari ya kivita ya Uswidi, anasikilizwa na Mfalme, ana nyumba juu ya kilima, na mama yake mwenye miaka themanini bado anatafuna samaki wa chumvi kwa meno yake mwenyewe. Mtu kama huyo atake nini tena? Alitaka mti uliopinda.

Meli mpya ilikwama bandarini, haina omo, ile sehemu ya mbele inayopasua maji. Fundi mkuu Holger alitaka mwaloni mkubwa uliojipinda wenyewe, si wa kuunga vipande. Sasa, mialoni yote ya wakulima ilikuwa mali ya Mfalme, na kwa sababu hiyo hiyo wakulima waliing'oa ikiwa bado kama kidole. Ya makabaila haikuguswa. Baroni mwenyewe ndiye aliyeitetea sheria hiyo barazani, tena kwa mbwembwe.

Basi akawaita wakulima uani, akawabembeleza: anayejua ulipo mwaloni uliopinda aseme. Halafu Sissela, mjane asiyemung'unya maneno, akacheka.

"Bwana Baroni, uzunguke nchi nzima na mti uko dirishani kwa mama yako?"

"Ule hauguswi."

"Ahaa! Yetu inaguswa, wako una kinga? Haya, ukate huo, nami nitakuonyesha mitatu msituni ambayo hata kasisi haijui. Usipoukata, tusisumbuane."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Baroni akasikia uso unawaka, maana mwanamke alisema kweli tupu.

Lakini mama! Mti ule marehemu baba alimzawadia siku ya harusi, akauita mwaloni wa Märta. Kila mwaka, siku ya jina lake kwenye kalenda, meza iliandaliwa chini yake. Baroni, aliyezoea kubishana na mawaziri bila kupepesa macho, alipanda ngazi akirudiarudia maneno atakayosema. Akiukata, atamuua mama kwa huzuni. Asipoukata, meli hana, na wakulima hawatamwamini tena maisha.

Bibi Märta alikuwa anakunywa supu ya njegere.

"Mama, nina jambo."

"Liseme basi, usinisimamie kama askari."

Akaeleza yote, macho chini. Mama akaweka kijiko.

"Unakatwa lini?"

"Mama, kama hutaki..."

"Nimekuuliza lini, Torkel! Mimi ni binti wa nahodha. Nilipoletwa hapa niliambiwa bahari iko hapo nje. Wapi! Baba yako akanipa majani dirishani, akayaita zawadi. Nilimpenda, ningesemaje? Miaka sitini mbegu zinaniangukia kwenye supu, nami natabasamu!"

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuona unavyoupenda, mwanangu. Nikasema nikuachie."

Baroni akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Mti ukaanguka siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana. Sissela, mwanamke asiyevunja ahadi, akamchukua Holger, wakaingia msituni. Baroni akapanda ngazi mbio. Mama alikuwa ameshakikokota kiti chake hadi dirishani, peke yake, mikono imetulia mapajani. Huko chini maji yalimeremeta katikati ya visiwa, na meli mbili zilikuwa zinaingia. Baroni akasogea dirishani akitaka kusema neno zuri.

"Torkel," akasema mama bila kumtazama, "sogea, unaniziba."