Nyati wa Turubai

Kamera ya konani ilikuwa imezimwa, na tembo walikuwa wanakuja.

Nikiwa ofisini, niliwaona kwenye skrini ya kamera ya msituni: mama mtu mbele, watoto nyuma yake, wakishuka kuelekea lami ndani ya ukungu wa asubuhi. Kwa kawaida kamera ya barabarani ikiona mnyama mkubwa, taa za barabarani huwaka zenyewe, madereva wakapunguza mwendo. Fundi wetu aliizima ile ya konani aisafishe, akasahau kuiwasha. Na kitufe cha kuwashia taa kutoka ofisini wakubwa waliking'oa, baada ya fundi huyohuyo kuzoea kukibonyeza kila shemeji yake akipita, amtie kiwewe.

Skrini ya pili ikaonyesha lori la maziwa likiteremka mlima. La mdogo wangu.

Nikampigia. Simu ikaita weee, kimya. Mimi ndiye niliyemwapisha asiguse simu akiwa kwenye usukani. Maisha yake yote hanisikii, leo kaamua kuwa mtiifu!

Nikashika redio. "Fundi! Uko wapi?"

"Nguzo ya kabla ya kona, na mlinzi. Umenikumbuka, dada?"

"Tembo wako konani, lori linakuja! Washa taa!"

"Zinasubiri kamera ione mnyama. Ya konani siiwahi, ila hii ya hapa nguzoni inafanya kazi. Ngoja nimpungie dereva mkono."

"Ukungu huu? Atakuona ukiwa chini ya tairi! Pita mbele ya kamera!"

"Inatujua watu, inatupuuza."

"Basi acha kuwa mtu! Jifunikeni turubai, muiname!"

Sauti ya mlinzi ikaingia: "Nani anakaa mbele?"

"Yeyote, jamani!"

Turubai lenye miguu minne likajikokota kwenye skrini. Kamera ikaandika: MTU.

"Magotini! Tambaeni!"

MTU.

Lori likaingia kwenye ukungu, sikuliona tena. Nilikuwa nimeuma kola ya shati langu.

"Tikisa kichwa, fundi, nakuomba!"

MNYAMA. Taa zikawaka.

Breki zikalia hadi redioni. Lori likayumba, likasimama hatua chache kutoka kwa mama tembo. Akaligeukia, masikio kayatanua. Mtoto wa mwisho akavuka. Mama akamfuata taratibu.

Simu ikaita.

"Dada, nimesimama, usinigombeze. Ila nimempita mnyama huku kavaa gambuti."

Nilitaka kucheka. Meno yakawa yanagongana tu.