Kikohozi cha Baba Heriel

Usiku wa kuamkia leo niliota zulia la mwanangu limekaa kitako sebuleni, linanisubiri.

Nilikuwa nimelala na mawazo. Heriel, mwanangu wa pekee, alinileta huku Dodoma baada ya matanga ya baba yake, nami nikaja na Tosha ndani ya kikapu. Tosha ni mtoto wa mbwa wa marehemu. Kule kwetu Usangi hajawahi kukojoa ndani hata tone. Huku anakojolea zulia, kisha anajificha nyuma ya miguu yangu, anatetemeka. Jana jioni Heriel aliinama na tambara, akapangusa, akasema bila kunitazama, "Mama, akirudia tu, kesho nampeleka kwa yule mlinzi wa ghala, akae naye. Nisamehe." Akaenda kulala.

Basi, zulia limekaa.

"Shikamoo, bibi," linasema.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimelowa."

"Pole, mjukuu wangu."

"Mtoto simlaumu. Nauliza tu. Siku mliyofika, kabla hamjapewa chai, alionyeshwa mahali pake kule nje?"

"Hakuonyeshwa. Tulipokelewa mizigo, tukaingia ndani."

Zulia linatikisa nyuzi zake. "Ndiyo shida ya nyumba hii. Hata sisi hatukuonyeshwa."

Nageuka, kumbe ni kweli. Vyombo vyote vimepanga foleni mlangoni. Kochi limebana miguu. Friji linahema, "Tangu nitoke dukani, mama. Tangu nitoke dukani!"

Navifungulia mlango, naviambia viende kule nje, chini ya ukuta, polepole, visisukumane. Vinakwenda. Kochi linaporudi nalisifu, maana mtoto akifanya vizuri lazima asifiwe. "Hongera, mwanangu." Kochi linalia. Linasema halijawahi kusifiwa, hukaliwa tu.

Anabaki Tosha. Yuko katikati ya sebule, anatazama mlango, haendi.

"Mwambie neno lake," linasema zulia. "Ugenini mtoto wa mbwa anasahau njia, anasahau hata jina. Neno lake la kujisaidia halisahau."

"Huyu hana neno. Ana kikohozi."

Na ndivyo ilivyokuwa, hata nje ya ndoto. Kila alfajiri marehemu alitoka na Tosha hadi migombani, akaegemea mgomba, akakohoa kile kikohozi chake cha kukwaruza, chenye mkia mrefu, na mtoto akachuchumaa papo hapo. Wala hakumfundisha. Alikuwa anaumwa tu, mbwa akadhani anaambiwa yeye.

"Kohoa basi," linasema zulia.

Nakohoa. Tosha ananitazama kama mtu aliyebishiwa hodi na asiyemjua. Friji linajaribu. Kochi linajaribu. Wapi!

"Kifuate kilipo," linasema zulia, na linajikunja kunipisha. Chini yake pana kijia cha udongo mwekundu, kinateleza kwa mvua. Nashuka na Tosha kwapani, na hapo ni migombani kwetu, ukungu umetanda.

Baba Heriel amekalia kinu kilichopinduliwa. Amevaa suti tuliyomzika nayo, anasokota kamba ya mgomba mkavu.

"Mama Heriel. Nguo zangu umezigawa?"

"Nimezigawa. Koti la mvua nimempa Heriel."

"Litambana."

"Linambana. Hataki kulivua."

Anakaza kamba yake. "Na huyo kwapani?"

"Anakojoa ndani. Akirudia, kesho anapelekwa kwa mlinzi. Nimekuja kuomba kikohozi."

Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, na Tosha anaruka chini na kuchuchumaa miguuni pake. Tunamngoja mtoto amalize, sote wawili, kama zamani.

"Kichukue," anasema. "Huku hakinifai kitu. Ila ujue, nikikupa, mimi sinacho tena. Kule kitandani usiku unaponisikia nikikohoa upande wa ukutani, hutanisikia."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba namsikia.

Namtazama Tosha. Ameshalala juu ya kiatu cha marehemu, hana habari.

"Basi kohoa mara moja," namwambia, "nikisikilize vizuri."

Anakohoa. Nasikiliza mpaka mkia wake unaisha. Kisha anakivua taratibu, kama mtu anayevua saa ya mkononi, anakiviringisha kwenye jani kavu, anakifunga kwa ile kamba, fundo lake lile la kufungia miguu ya kuku, na ananitilia kwenye pindo la kanga. Kilikuwa chepesi. Nilidhani kingekuwa kizito, vile kilivyomuua.

"Nenda, mama," anasema, na sauti yake imekuwa safi, kama ya kijana aliyekuja kunichumbia.

Nikaamka.

Nilitega sikio upande wa ukutani. Kimya. Nikangoja. Kimya.

Tosha alikuwa anakwaruza mlango. Nikamfungulia, tukatoka uani, saruji tupu na mchanga kidogo chini ya ukuta. Akasimama hapo, akanitazama. Nikakohoa, na kilichotoka kifuani hakikuwa changu. Tosha akachuchumaa mchangani.

Heriel akatoka mbio, miguu peku.

"Mama! Nani amekohoa hapa?"

"Mimi."

Akautazama mchanga uliolowa. Akamtazama Tosha. Kisha akakaa pale kizingitini, mtu mzima na ndevu zake, akamvuta mbwa mapajani.

"Haendi kokote huyu," akasema. Na baadaye, kwa sauti ndogo, "Kohoa tena, Mama."

Nikashika pindo la kanga nijifute macho kwanza. Vidole vikakutana na fundo la kufungia miguu ya kuku, kamba ya mgomba mkavu, bado imelowa kwa ukungu. Na huku kwa Heriel hakuna mgomba hata mmoja.