Chumba Kidogo cha Manjano

Mpima damu yule alikuwa na hotuba yake, na wachumba wote waliopita maabara waliisikia mpaka mwisho. "Ugonjwa huu hauonekani kwa macho," aliwaambia huku akiwafunga mpira mkononi. "Unaweza kuwa mzima kabisa na bado umebeba nusu yake kwenye damu. Mkikutana wawili wenye nusu nusu, mtoto ndiye anayeumia." Ugonjwa wenyewe ni selimundu, na hakuusoma vitabuni tu. Alimbeba mdogo wake mgongoni miaka mingi, mtoto akilia maumivu ya mifupa, hadi siku alipomshusha kitandani asimbebe tena.

Yeye mwenyewe alijijua: amebeba nusu. Mchumba wake, fundi rangi aliyeitwa Madoa kwa sababu hata akioga vipi hakukosa tone la rangi sikioni, aliambiwa mapema, akauliza kama naye apime. Hapo ndipo mwanamke mwenye hotuba alipofanya kosa ambalo angemgombeza mteja yeyote. Alitazama yale mabega ya kupanda ngazi kutwa, akacheka. "Wewe? Una afya ya kugawia mtaa mzima. Tutapima tu karibu na harusi." Mapenzi yalimtia upofu, tuseme ukweli, na hofu ikayasaidia.

Mwaka ukapita. Posa ikapokelewa. Madoa akapanga nyumba ya vyumba viwili kwa mwenye nyumba mkali, mwenye sharti moja tu: pakeni mnavyotaka, lakini anayehama aziache kuta nyeupe kama alivyozikuta. Chumba kikubwa hakukigusa. Kile kidogo akakipaka manjano, mikono mitatu, rangi juu ya rangi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni cha nani.

Wiki tatu kabla ya harusi, mpima damu akamtoa Madoa damu. Chupa za maabara zilikuwa na namba tu, bila majina, ila namba hiyo alikuwa ameiandika mwenyewe. Jibu likatoka. Akapima tena. Akapima mara ya tatu kwa dawa mpya ya kupimia, kana kwamba dawa ndiyo yenye kosa. Madoa naye alikuwa na nusu. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne ya kumbeba tena mdogo wake mgongoni.

Maabara ilikuwa tupu na kalamu ilikuwa mkononi. Kubadilisha herufi moja tu kwenye fomu, S ya ugonjwa iwe A ya uzima, na harusi ingekuwepo. Aliitamani ile herufi, tusimsingizie utakatifu. Kisha akamkumbuka mama yake, ambaye mpaka leo huuliza kwa nini hakuna mtu aliyewaambia yeye na baba wapime kabla ya kuoana. Akaandika jibu kama lilivyo, akalifunga kwenye bahasha, akampelekea mshauri wa wachumba, mama mtu mzima waliyemwita Bibi Bahasha.

"Unajua utaratibu, mwanangu," alisema Bibi Bahasha. "Nawasomea wawili, benchi moja."

Kesho yake wakakaa benchi moja. Madoa alisikiliza huku akikwangua rangi kwenye kucha. Bibi Bahasha akawaeleza: wapo wanaooana wasizae, wapo wanaozaa wakajiandaa kutibu, wapo wanaoachana. Halafu akatoka, akawaachia chumba.

"Ulijua lini?" Madoa aliuliza.

"Jana. Lakini ningejua mwaka jana kama ningekupima. Niliogopa. Nisamehe."

Madoa aliacha kukwangua kucha. "Mimi nataka watoto," alisema. "Siwezi kukuoa halafu nikutazame miaka kumi kama mtu aliyeninyima kitu."

"Na mimi siwezi kumbeba mwingine."

"Najua."

Hawakugombana, afadhali wangegombana. Madoa akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Jumamosi nitapaka nyeupe," alisema.

Jumamosi mpima damu akaenda kumshikia ngazi. Hakuitwa, wala hakufukuzwa. Mkono wa kwanza wa nyeupe ukapita, manjano bado yakaonekana. Wa pili, bado. Madoa akashuka, akasimama akiutazama ukuta.

"Manjano haya magumu," alisema.

Mpima damu akaokota brashi nyingine, akaanzia kwenye kona, pale ambapo kitanda kidogo kingekaa.