Udhuru wa Mama Paskazia

Katika jumuiya yao ndogo pale Nkuhungu, kila Jumamosi baada ya rozari katibu huita majina. Asiyefika bila taarifa huandikwa "hayupo", na siku hiyo hiyo mwanajumuiya anayekaa karibu naye humfuata nyumbani. Aliyetoa taarifa huandikwa "udhuru", akaachwa na shughuli zake.

Restuta, katibu wao, alikuwa amemwandikia mama Paskazia udhuru mara tano mfululizo, na mama huyo hakuwa ametoa taarifa yoyote. Jumamosi ya kwanza Restuta alikuwa anawahi harusi Mvumi, na anayekaa karibu na mama huyo, wa kumfuata, ni yeye mwenyewe. Jumamosi zilizofuata aliona aibu kubadilisha.

"Huyu mama ana udhuru gani usioisha?" aliuliza mzee Sostenes, mwenyekiti, ambaye sala ilikuwa kwake wiki hiyo. "Au ameolewa Kibakwe, anatuficha pilau?"

Watu wakacheka.

"Muulizeni katibu," alisema Hilda. "Si ndiye anayeandika?"

Macho yote yakamgeukia Restuta.

"Anauguza," alijibu.

Basi wakapiga magoti mkekani, wakamwombea mgonjwa wa mama Paskazia. Restuta naye aliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mgonjwa huyo hakuwepo duniani. Alikuwa amemtunga yeye, kisha akamweka mbele za Mungu.

Hakusubiri chai. Alikwenda moja kwa moja kwa mama Paskazia, akamkuta amelala, mguu umefungwa plasta hadi juu ya goti. Adija, jirani yake Mwislamu, alikuwa anamnywesha uji wa uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia, katibu?"

Mama Paskazia alikuwa ameteleza na ndoo ya maji, wiki ya tano sasa. Adija na mumewe ndio waliompeleka hospitali.

"Alinituma kwa Hilda," alisema Adija bila kuinua macho. "Kabla sijaeleza, nikaambiwa katibu ameshaandika udhuru, kwa hiyo anajua. Nikasema haya, watu wa kanisa wana utaratibu wao."

Restuta alikaa chini sakafuni, akaeleza yote: harusi, aibu, mpaka ile sala.

"Mimi nauguza?" Mama Paskazia alicheka, maumivu yakamkatisha. "Sawa, najiuguza."

"Nisamehe, mama."

"Humu tuko watatu. Mliponiombea mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Kawaambie hao."

Nje, Restuta alitoa simu. Angeweza kumpigia mzee Sostenes peke yake, jambo likaishia hapo. Akairudisha kwenye mkoba, akatembea.

Aliwakuta bado wanakunywa chai.

"Tulidhani umeyakimbia maandazi!" Hilda alimtania.

Restuta alibaki mlangoni. "Mama Paskazia hauguzi mtu. Amevunjika mguu, wiki ya tano. Sikuwahi kwenda kumwona, na leo nimewadanganya mkiwa mnataka kusali."

Hilda alifunika mdomo. "Yesu wangu. Yule Adija alikuja kwangu, nikamrudisha."

Hakuna aliyemwambia Restuta akae, wala aliyemwambia pole. Mzee Sostenes alisimama, akavaa kofia yake.

"Tangulia," alisema.

Restuta akatangulia. Nyuma yake alisikia viatu vya watu kumi na mmoja kwenye kokoto.